Sura ya Sita: Kofia Isiyomkaa Marhoun

Kofia ilikataa. Mulazim Mahrous, luteni wa polisi, aliigeuza upande wa pili, akaiweka tena juu ya kichwa cha Marhoun, ikabaki imekaa juu kabisa, kama kifuniko cha birika kilichowekwa kwenye sufuria. Alipojaribu kuivuta chini, mshono mmoja ulialia. Akaiacha.

"Kichwa kimevimba, afande," alisema Shaweshi Khalaf, sajini wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili kwapani. "Siku tatu za mahabusu si mchezo. Mtu analala vibaya."

"Kichwa cha mtu hakivimbi vidole vitatu, Khalaf."

"Basi bibie alikosea kipimo."

"Anayeshona kofia nzuri hivi hakosei kipimo."

Marhoun hakujua wanasema nini, maana maafisa hawa wawili walikuwa wakisema Kiswahili cha kwao Unguja, na yeye ni mtu wa Bidiya, mwana wa mchanga, lugha yake Kiarabu tu. Alikaa kimya mikono juu ya magoti. Alikuwa dereva wa gari la zahanati ya Jumuiya ya Wahisani hapa Ibra, Omani, mtu wa miaka thelathini na tano, kanyoa upara, ana watoto wanne. Tangu Jumamosi alikuwa ndani kwa kosa la kumtorosha binti wa watu.

Binti mwenyewe aliitwa Fakhriya, miaka ishirini na miwili, mtoto mkubwa wa karani wa serikali Yaarub bin Amur. Ijumaa alfajiri aliondoka nyumbani kwao, na leo Jumanne hajaonekana. Babake alipopekua chumba, alikuta chini ya godoro kofia hii ya kushona kwa mkono. Kwa watu waliotoka Unguja na Pemba, jambo hilo halitaki maelezo. Mtoto wa kike akishona kofia, anamshonea babake, kakake au mumewe. Fakhriya hakuwa na mume wala kaka, na babake alikwisha mshonea zake. Basi hii ya kufichwa ni ya nani? Mzee Yaarub hakujiuliza mara mbili. Alikumbuka gari la zahanati lililokuwa likija kumchukua mwanawe kila mwezi kwenda kutibiwa, akamkumbuka na dereva, akaja polisi.

Kesho Jumatano adhuhuri faili lilitakiwa lifike kwa hakimu. Likifika hivi lilivyo, Marhoun atakwenda jela miaka, na hapana mtu Ibra nzima atakayeshangaa.

Mahrous aligeukia Kiarabu. "Marhoun, Ijumaa ulimchukua Fakhriya?"

"Sikumtorosha mwanamke yeyote."

"Sikukuuliza hilo. Unajua aliko?"

"Mambo ya wagonjwa wa zahanati usiniulize. Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwa daktari, siku niliyoanza kazi. Sote tumeapa, mpaka anayefagia. Kilichosemwa mle ndani hakitoki."

"Na ukifungwa?"

Marhoun alikuna shingo. "Nitakuwa nimefungwa," alisema, na hapo ndipo Mahrous alipoanza kulipenda jambo hili. Mshukiwa anayesema uongo husema maneno mengi, na huyu alikuwa anayapima kwa kijiko.

Aliichukua kofia akaenda nayo dirishani. Mahrous alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kutaka kujua. Mkewe akimtuma nyanya hurudi na habari za muuza nyanya. Aliigeuza kofia ndani nje, akaupitisha ukucha kwenye mishono, akakuta unywele mmoja umeshonewa pamoja na uzi. Aliuvuta taratibu, ukaja, ukaja, mpaka ukafika shibiri mbili.

"Khalaf, mwanamme gani Ibra ana nywele za shibiri mbili?"

"Mabedui, afande. Wengine wanasuka."

"Na huyu bedui wetu?"

Khalaf alikitazama kile kichwa cha Marhoun kinachong'aa, akaguna, akatoka.

*

Nyumba ya Mzee Yaarub ilikuwa nyuma ya shule, kuta mpya, mlango wa kijani. Mzee mwenyewe alimpokea Mahrous barazani. Alikuwa mtu mwembamba, kanzu imepigwa pasi hata siku ya msiba kama hii, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, Mzee Yaarub."

"Marahaba. Kasema?"

"Hajasema."

"Mpigeni basi."

"Nataka kuzungumza na Badriya, kwa idhini yako. Hapa hapa, mbele yako."

Badriya, mdogo wake Fakhriya, alikuwa na miaka kumi na saba na kitambaa cha kufutia pua mkononi. Walilala chumba kimoja, yeye na dada yake. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na kikapu cha kushonea mapajani, kama alivyoambiwa akilete.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. N'onyeshe uzi aliopimia kichwa." Mahrous alikumbuka marehemu mamake alivyokuwa akifanya: anamzungushia mtu uzi kichwani, anafunga fundo, na uzi hauondoki kikapuni mpaka kofia ikwishe.

Badriya alipekua. Sindano, mikasi, vitambaa, mishumaa ya kulainishia uzi. "Hakuna uzi wa kipimo, Ami. Hakupima."

"Sasa alijuaje?"

"Alikuwa anaivaa mwenyewe. Kila akimaliza mstari anaivaa, anajitazama kwenye kioo. Akisema anatazama maua yamekaaje."

"Umemwona mara ngapi?"

"Aa, mara nyingi. Ile ya kwanza mstari ulimpotea, ndiyo akaitupa chini ya godoro. Ya pili ndiyo ilitoka safi."

Mzee Yaarub aligeuka. "Iko ya pili?"

"Alikwenda nayo, Baba."

"Kampelekea mwenyewe," alisema mzee. Alikuwa na hasira na alikuwa na huzuni, na hazikumpa nafasi ya kukaa.

Mahrous alingoja kahawa ipite. Bi Fawziya, mama wa nyumba, aliisukuma sinia kutoka nyuma ya pazia. Kisha Mahrous akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, "Badriya, dada yako alibadilika lini?"

"Kama miezi minne. Alikuwa na mafua yasiyokwisha. Sauti imemkauka, anazungumza kwa chini chini. Mama akampikia tangawizi, wapi."

"Na jengine?"

"Aliacha kwenda soko la Jumatano. Lile la wanawake. Alikuwa akiuza kofia zake kule, kila wiki, na watu wanamtaka. Siku moja akasema hendi tena."

"Mtu alimtukana?"

"Hakuna. Alisema tu, kule si pahala pangu, wanawake wamejiachia." Badriya alisita. "Na alikuwa ananipigia hodi."

"Hodi wapi?"

"Chumbani. Chumba chetu sote, Ami, lakini akija anasimama nje anasema hodi, anangoja niseme karibu. Nikicheka ananiambia vaa kwanza ushungi. Akenda kulala chumba cha cherehani, peke yake, juu ya mkeka."

"Alikuwa na aibu," alisema Mzee Yaarub kwa uchungu. "Alikuwa anaficha tumbo. Hata hilo huoni, Mulazim?"

Anayeficha tumbo hujifungia mlango yeye. Hamwambii mwenziwe avae. Huyu alikuwa akiwasitiri wanawake wasionekane na yeye. Mahrous aliliandika hilo daftarini, akalipigia mstari, akaliacha bila ya kulimaliza.

"Ijumaa kulikuwa na jambo gani hapa nyumbani?"

Mzee na mwanawe walitazamana. "Walikuwa waje watu wa Nizwa," alisema mzee. "Kumposa. Nimekwisha wakubalia."

Chini kabisa ya kikapu, chini ya vitambaa, Badriya alikuta kipande cha karatasi ngumu: muhuri wa zahanati na namba, 316. Mahrous aliomba aende nacho. Mlangoni mzee alimshika mkono.

"Nataka mwanangu arudi, Mulazim. Mengine tutayajua baadaye. Lakini yule dereva nataka afungwe."

*

Kituoni alilifungua tena faili na kulisoma kutoka mwanzo, jambo ambalo Khalaf aliliona ni kupoteza wakati. Kulikuwa na maelezo ya jirani, ya muuza mkate, ya binamu mmoja huko Sur aliyeamshwa na polisi bure akaulizwa kama anaficha msichana. Ukurasa wa tisa kulikuwa na mistari minne ya mtu wa kituo cha petroli kwenye njia panda ya Mudhaibi.

"Hii uliisoma, Khalaf?"

"Hiyo haina kitu. Nimemuuliza umeona mwanamke ndani ya gari la zahanati, kasema hapana."

"Soma mstari wa tatu."

Khalaf alisoma. "Gari lilipita Ijumaa baada ya alfajiri. Alikuwemo Marhoun na kijana mmoja amevaa kofia." Akanyanyua uso. "Ndiyo. Hakuna mwanamke."

"Kijana huyo ulimtafuta?"

"Wa nini, afande? Tunamtafuta bibi mmoja, tutakamata vijana wa nchi nzima?"

Mahrous alichukua ufunguo wa gari.

*

Zahanati ya Jumuiya ya Wahisani ilikuwa ndani ya nyumba kongwe ya udongo mtaa wa Sufala, miguu ya milango imeliwa na mchwa lakini ukuta umepigwa chokaa juzi juzi. Haikuwa ya serikali wala ya mfanyabiashara. Watu wenye uwezo walichangia, madaktari wakatoa wakati wao, na mgonjwa hakutoa hata baisa. Ilikuwa na tawi dogo Mudhaibi, na kila mwisho wa wiki daktari alikwenda Sur.

Daktari Shukriya alikuwa amerudi kutoka Sur usiku uliopita, akakuta dereva wake amekamatwa. Alikuwa mzaliwa wa Wete, kasomea Misri, mfupi, miwani mikubwa, na hakumwambia Mahrous akae.

"Marhoun hana kosa," alisema. "Hilo nitaliandika na kutia saini sasa hivi."

"Hakimu atakuuliza umejuaje."

"Nitamwambia sisemi."

"Basi Marhoun atafungwa na wewe utakuwa umenyamaza vizuri sana."

Daktari alivua miwani akaifuta. Alikuwa anaogopa, na hakujaribu kulificha. "Siri si yangu, Bwana Mahrous. Ingekuwa yangu ningekupa na kahawa. Leo asubuhi nimempelekea habari mwenye siri kwa teksi. Jibu sijapata."

Ukutani, juu ya meza ya mapokezi, kulikuwa na tangazo lililoandikwa kwa mkono, Kiarabu juu, Kiswahili chini: wanaume watapewa namba witiri, kama moja na tatu, wanawake namba shufwa, kama mbili na nne. Chini yake masanduku mawili ya mbao, kadi zimesimama ndani zikionyesha namba tu.

"Kwa nini mnafanya hivi?"

"Majina ya watu wa huku yanafanana. Khalfan kumi, Salim ishirini. Na mtu akiitwa kwa namba, barazani hakuna anayejua nani kaja. Ukipewa namba ni yako mpaka ufe."

"Haibadilishwi?"

"Haibadilishwi."

Mahrous aliweka mikono nyuma. "Naomba nizitazame namba. Kadi sitozigusa."

Aliinama kwenye sanduku la wanawake. 310, 312, 314, 318. Hakuna 316. Akahamia sanduku la wanaume, akaanza kuhesabu kwa midomo bila sauti. 311, 313, 315. Hapo akasimama. Baada ya 315 ilikuja 316, kisha 317. Namba moja shufwa, imesimama katikati ya wanaume, wino wake sawa na wa wenzake.

Alijiinua taratibu maana mgongo haukuwa wa kijana tena. Kofia iliyopimwa kwenye kioo. Unywele mrefu. Sauti ya mafua ya miezi minne, na miezi minne hiyo hiyo gari lilikuja kila mwezi. Hodi kwenye chumba chake mwenyewe. Kijana mmoja kwenye gari. Wote walikuwa wanauliza Fakhriya kakimbia na mwanamme gani.

"Hakukimbia na mwanamme," alisema. "Yule kijana ndani ya gari ni yeye."

Daktari Shukriya alivuta kiti, safari hii akampa.

"Wako wengi?" Mahrous aliuliza. Hilo halikuwa la faili. Alitaka kujua tu.

"Kutoka Sur mpaka hapa, ninao saba. Mmoja mzee wa miaka sitini. Wengine wamezaliwa mwili haujajitenga vizuri, mkunga akasema haraka huyu mtoto wa kike, ikawa hivyo. Wengine mimi mwenyewe sijui niseme nini, naona tu kwamba mtu anakufa pole pole na akitibiwa anapona. Huyu anataka sindano, yule anataka barua ya kwenda kwa kadhi, mwengine anataka mtu akae amsikilize asicheke. Hakuna pahala pengine wanakwenda. Ndiyo maana tunaapa."

"Na 316 ni yupi katika hao?"

"Hilo si la polisi."

"Kweli," alisema Mahrous, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi alikubali kubaki na swali bila jibu. "Tawi lenu la Mudhaibi limepata mfanyakazi mpya wiki hii?"

Daktari alivaa miwani yake. Alimtazama kwa muda mrefu, akipima. "Ukienda, nenda peke yako," alisema. "Vua hiyo unifomu. Na ukifika uulize, usiamrishe."

*

Tawi la Mudhaibi lilikuwa chumba na nusu nyuma ya duka la mbegu. Kijana alikuwa amepiga magoti akipanga chupa za dawa kwenye rafu ya chini. Nywele zimekatwa karibu karibu, masharubu membamba yanaanza, kanzu ya kununua tayari iliyomfikia juu ya kifundo cha mguu. Kofia ilimkaa sawasawa.

"Assalamu alaikum," alisema Mahrous, kisha kwa Kiswahili, "Mimi Mahrous, wa polisi ya Ibra. Sikuja na amri. Nimekuja na swali."

Kijana alisimama. "Umeletwa na Baba?"

"Sijaletwa. Teksi ya daktari haijafika?"

"Haijafika. Hata Marhoun hajaleta dawa toka Jumamosi, nikadhani gari limeharibika."

"Marhoun yuko mahabusu. Kashitakiwa kukutorosha wewe."

Kijana alikaa juu ya kreti, akaishika rafu kwa mkono mmoja. "Wallahi sikujua. Si alinipa lifti tu, Bwana. Nilimwomba mimi."

"Najua."

"Kwani hakusema?"

"Toka siku ya kwanza anajua akikutaja anatoka. Hakukutaja."

Nje mtu alikuwa anapima mbegu za birsimu, majani ya kulishia mifugo, na kubishana juu ya mzani. Kijana alijifuta uso kwa kiganja.

"Barua nimemwandikia Baba mara nne, nikazichana zote nne. Kila nikianza, najua akifika mstari wa pili ataacha kusoma. Na wale watu wa Nizwa walikuwa wanakuja. Ningemwambia nini yule mtu wa watu anayetaka mke?" Alimtazama Mahrous machoni. "Nikikataa kuja?"

"Nitaandika nimekuona uko salama, sitosema wapi. Hakimu anaweza akaniamini. Zaidi atasema namlinda mshukiwa."

"Baba atakuwepo?"

"Yeye ndiye mlalamikaji. Lazima awepo, lazima nimuulize mbele yako kama anakutambua. Hiyo ndiyo sheria ya kazi, siwezi kuipunguza."

"Naogopa, Bwana Mahrous."

"Hata mie ningeogopa."

Kijana aliipanga chupa ya mwisho, akaigeuza maandishi yakakaa mbele. Kisha akazima feni, akachukua funguo.

*

Jumatano saa tatu asubuhi Mzee Yaarub alikalishwa ofisini kwa Mahrous. Khalaf alikuwa mezani na kalamu. Mlango ulifunguliwa, kijana akaingia, akasimama pale mtu anaposimama anapotakiwa kutambuliwa.

Mzee alimtazama haraka, akageuka kwa Mahrous. "Huyu ndiye hawara?"

"Mtazame vizuri, Mzee Yaarub. Unamjua?"

Alitazama. Mkono wake ulianza kupapasa meza kana kwamba anatafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

"Shikamoo, Baba," alisema kijana. Sauti ilikuwa nzito, imetulia, haina mafua yoyote.

"Marahaba," alisema mzee, maana ulimi ulijibu kabla yake. Halafu akafunika mdomo.

Mahrous alikuwa amekwisha ona watu wakitambua maiti, wakitambua mali, wakitambua wezi. Hili hakuwahi kuliona, akatazama faili.

"Siku tano," mzee alisema hatimaye. "Siku tano mama yako hajala. Nilikuwa nalala najiuliza wamekutupa kisima gani."

"Nisamehe, Baba."

"Ungeniambia."

"Ningeanzaje?"

Mzee alitoa leso. Alilia kidogo, bila kujificha, kisha akakasirika kwa sababu amelia, akaikunja leso mara nyingi kuliko inavyokunjika.

Khalaf alikohoa. Fomu ilikuwa inamngoja. "Jina kamili," alisema, macho chini.

"Amur bin Yaarub bin Amur."

Kalamu ilisimama. Lilikuwa jina la babake Mzee Yaarub, aliyezikwa Pemba. Mahrous alimwona mzee akilipokea, akiligeuza, na kwa muda hakujua kama atalirudisha.

"Umri?" aliuliza Mahrous, kumsaidia mtu yeyote aliyehitaji kusaidiwa.

"Ishirini na miwili."

"Uliondoka na nani?"

"Nimeondoka mwenyewe, kwa miguu yangu, na akili yangu. Marhoun alinipa lifti kwa kuwa nilimwomba. Hajapata kunigusa, hajapata kuniambia neno baya. Karatasi yangu iko kwa kadhi, daktari kaipeleka, inangoja siku yake."

Khalaf aliandika yote. Mahrous alimgeukia mzee. "Mlalamikaji anasemaje?"

"Andika," alisema Mzee Yaarub. Alikohoa, akaanza upya. "Andika naondoa mashitaka. Nimemfungisha mtu siku nne kwa kumtafuta bibi ambaye hakuwepo."

Marhoun aliletwa, kanzu imekunjana, ndevu zimemtoka. Alimwona kijana, akafumba macho kidogo kama anayeshusha mzigo, akamsalimu kwa kichwa. Mzee Yaarub alisimama. Akamwambia kwa Kiarabu, neno baada ya neno, kwamba amemdhulumu, kwamba alimsingizia jambo zito, na kwamba anamwomba radhi mbele ya maafisa hawa.

Marhoun alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapa siipokei."

Khalaf aliinua uso. Mahrous naye.

"Kwetu Bidiya mtu haombi radhi ndani ya ofisi ya polisi," alisema Marhoun. "Anakuja nyumbani, na wanaume wa nyumba yake. Wanakaa, wanakunywa kahawa yangu, watoto wangu wanawaona. Hapo ndipo jambo linakwisha na hapana atakayelisema tena."

"Mimi sina watu hapa," alisema Mzee Yaarub. "Ndugu zangu wote wamebaki Pemba."

"Sikutaja ndugu. Njoo na mwanao wa kiume." Marhoun alimwonyesha kwa kidevu. "Kesho, baada ya alasiri. Ukija peke yako sitofungua mlango."

Mzee Yaarub alibaki amesimama. Nje gari lilipita, likapiga honi, likaenda zake.

"Tutakuja," alisema mzee.

Alisogea mpaka mbele ya kijana, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, polepole, akaishika ile kanzu begani kwa vidole viwili akaivuta kidogo.

"Mama yako nitamwambia mimi," alisema. "Wewe ngoja kwanza barazani mpaka nikuite." Kisha akaitazama tena kanzu pale ilipoishia. "Huna nyengine?"

"Sina, Baba. Ndiyo hii tu."

"Hii fupi. Huwezi kwenda nyumba ya watu hivyo," alisema Mzee Yaarub, akachukua bakora yake. "Twende kwa fundi kabla hajafunga kwa adhuhuri."